Akii-Bua: Dhahabu ya Munich na safari ya Moscow

UKISHUKA kutoka soko la Owino kuelekea Uwanja wa Nakivubo hapa Kampala, utapita kwenye meza za wauza viatu vya mitumba. Kati ya raba zilizooshwa na kupigwa brashi hadi zikarudi kung'aa, hukosi kuona jozi ya Puma. Wafanyabiashara wa Busia, Malaba na Elegu huzibeba kwa magunia. Sidhani kama wengi wao wanajua kwamba kampuni hiyo ya viatu ndiyo iliyomtoa bingwa wa kwanza wa Olimpiki kutoka Uganda katika kambi ya wakimbizi.

Bingwa huyo ni marehemu John Akii-Bua. Jina lake likitajwa hapa Nakivubo, hasa Olimpiki inapokaribia, masimulizi huishia Munich mwaka 1972. Yaliyofuata hufupishwa kwa maneno matatu: alishinda, akashuka, akafa. Mimi niliyesomea ukimbizini nchini Kenya, na ambaye leo ninafundisha watoto wa wazazi waliorudi kama mimi, naona masimulizi hayo hukatwa mahali pabaya. Mbio za Akii-Bua zinazotuhusu zaidi sisi tuliorejea ni zile ambazo hakushinda.

Alizaliwa Desemba 3, 1949, huko Abako katika nchi ya Walango, kaskazini mwa Uganda. Baba yake alikuwa chifu mwenye wake kadhaa, na boma lile lilikuwa na watoto zaidi ya 40. Shule aliiacha mapema. Akaja Kampala na kuajiriwa katika polisi, kazi ambayo siku hizo ilikuwa mlango wa kuingilia michezo kwa vijana wengi wasio na karo. Nakivubo ndio uliokuwa uwanja mkuu wa nchi wakati huo, ukiwa umejengwa kuwa kumbukumbu ya wanajeshi waliokufa katika Vita Vikuu vya Pili, na ukabaki hivyo mpaka Namboole ulipofunguliwa mwaka 1997.

Mwaka 1968 aliwasili kocha Mwingereza, Malcolm Arnold, ambaye miaka mingi baadaye angemfundisha bingwa wa dunia Colin Jackson. Arnold alimkuta Akii-Bua akiruka viunzi vya mita 110, akamhamishia kwenye mita 400. Kwa asiyejua, mbio hizi ni adhabu. Mkimbiaji anazunguka uwanja mzima kwa kasi ya mbio fupi huku akiruka viunzi kumi vilivyotengana kwa mita 35. Lazima hatua zake zihesabike, la sivyo atafika kwenye kiunzi na mguu usiofaa. Akii-Bua alijifunza kuruka kwa mguu wowote, wa kulia au wa kushoto, jambo ambalo wengi wa wapinzani wake hawakuliweza. Alifanya mazoezi akiwa amevaa fulana yenye uzito wa takriban kilo 11, akiruka viunzi virefu kuliko vya mashindano. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh mwaka 1970 alimaliza wa nne.

Septemba 2, 1972, katika fainali ya Munich, alipangwa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa ambapo kona ni kali na hakuna anayeitamani. Bingwa mtetezi, Mwingereza David Hemery, alikuwamo, na Mmarekani Ralph Mann pia. Akii-Bua aliwapita wote na kumaliza kwa sekunde 47.82, rekodi mpya ya dunia. Hakuna binadamu aliyekuwa amezikimbia mbio hizo chini ya sekunde 48. Mann alipata fedha kwa sekunde 48.51, Hemery shaba kwa 48.52. Kisha Akii-Bua, badala ya kuanguka na kuhema, akaendelea kuzunguka uwanja akiruka viunzi kwa furaha.

Katika darasa nililosomea Kenya, Munich ilikuwa ya Kipchoge Keino na vijana wa kupokezana vijiti wa mita 400 mara nne, nao kweli walileta dhahabu. Jirani yao aliyeshinda katika uwanja uleule hatukutajiwa. Nadhani ni kwa sababu yaliyokuwa yakitendeka kwao yaliifunika dhahabu yake.

Agosti ya mwaka huohuo Idi Amin alikuwa amewapa Waasia siku 90 waondoke. Septemba 17, wiki mbili tu baada ya fainali, Waganda waliokuwa uhamishoni Tanzania wakiunga mkono Obote walivamia nchi wakashindwa, na mauaji yakazidi, hasa dhidi ya Waacholi na Walango. Akii-Bua alikuwa Mlango. Alirudi nyumbani akapokewa kama shujaa, Amin akampandisha cheo katika polisi na kumpa nyumba. Barabara moja ya Nakasero inaitwa kwa jina lake hadi leo. Mtu wa kabila linalowindwa akawa amevishwa heshima na mwindaji.

Bado aliendelea kukimbia. Mwaka 1973 alitwaa dhahabu katika Michezo ya Afrika mjini Lagos. Nafasi ya kutetea taji lake ilikuwa Montreal mwaka 1976, lakini Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizogomea michezo ile kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Dhahabu ilikwenda kwa Mmarekani Edwin Moses, aliyeivunja pia rekodi ya Akii-Bua bila yeye kuwapo uwanjani. Sisemi mgomo ule haukuwa wa haki. Nasema tu kwamba gharama yake ililipwa na watu wenye majina, na yeye ni mmoja wao.

Aprili 11, 1979, Kampala ilianguka mikononi mwa majeshi ya Tanzania na Waganda waliorudi pamoja nao. Hapa ndipo pananigusa, kwa kuwa nililelewa miongoni mwa watu waliokuwa wakiulizana ni nani alibaki nyumbani na alikula na nani. Chini ya Amin, Akii-Bua alikuwa wa kushukiwa kwa kabila lake. Amin alipoondoka, akahofia kuhesabiwa kuwa kibaraka kwa sababu ya cheo na nyumba. Akavuka mpaka na familia yake kuingia Kenya, na bingwa wa Olimpiki akawekwa kambini kama mkimbizi mwingine yeyote. Msomaji aliyewahi kupanga foleni ya mahindi na mafuta katika kambi hahitaji kuelezwa yanavyofanya mwili wa mwanariadha.

Puma, ambao viatu vyao alikuwa akivivaa, ndio waliomtoa, wakampeleka Ujerumani Magharibi na kumpa kazi. Na kutoka huko, akiwa na umri wa miaka 30, akarudi kwenye Olimpiki. Moscow, mwaka 1980, alivaa tena rangi za Uganda baada ya miaka minane. Alifika nusu fainali akatolewa.

Tazama takwimu za fainali ambayo hakuifikia. Marekani ilikuwa imesusia, kwa hiyo Moses hakuwapo. Mshindi, Volker Beck wa Ujerumani Mashariki, alimaliza kwa sekunde 48.70. Muda huo haungempatia hata shaba kule Munich. Filbert Bayi wa Tanzania, ambaye naye aliikosa Montreal kwa mgomo uleule, alirudi Moscow akapata nishani ya fedha katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Tofauti yao ni kwamba Bayi alikuwa na nchi yake ya kufanyia mazoezi miaka yote minne. Wanaosema Akii-Bua alishuka hawaihesabu miezi ya kambini. Kwangu mimi, kufika nusu fainali miezi 15 baada ya kuanguka kwa Kampala ni ushindi wa aina yake.

Baada ya miaka kadhaa Ujerumani, alirejea Uganda. Angeweza kubaki. Alirudi kwenye polisi na kufundisha riadha, katika nchi iliyokuwa bado inabadilisha serikali kwa bunduki. Viwanja vilichakaa, fedha za michezo hazikuwapo, na waliokumbuka Munich walizidi kupungua. Mkewe alifariki kabla yake. Yeye mwenyewe alifariki Kampala Juni 20, 1997, akiwa na miaka 47, akaacha watoto 11. Serikali ilimzika kwa heshima za kitaifa.

Uganda ilingoja miaka 40 kupata dhahabu ya pili ya Olimpiki. Ililetwa na Stephen Kiprotich katika marathoni ya London mwaka 2012. Mazoezi yake Kiprotich aliyafanyia upande wa Eldoret, ng'ambo ya mpaka ambao Akii-Bua aliuvuka na familia yake mwaka 1979.