Jeanne Jugan, Mtumishi wa Wazee

Upande wa magharibi wa nchi ya Ufaransa liko jimbo liitwalo Bretagne. Ni nchi ya pwani, na watu wake tangu zamani ni wavuvi na mabaharia. Katika mji mmoja wa pwani hiyo, jina lake Cancale, alizaliwa Jeanne Jugan, tarehe 25 Oktoba, 1792. Baba yake alikuwa mvuvi. Watoto wa Musoma na wa vijiji vya kando ya ziwa watafahamu upesi maisha ya nyumba ile, maana wao pia wanajua jinsi mama atazamavyo maji jioni chombo kinapokawia. Jeanne hajatimiza miaka minne, baba yake alipotea baharini, asirudi tena. Mama akabaki na watoto wadogo, akawalea kwa kazi za kibarua.

Jeanne alipokuwa mtoto alichunga mifugo, kama wafanyavyo watoto wengi wa Bunda na Butiama, akajifunza pia kusokota sufu na kufuma. Alipopata umri wa miaka kumi na sita akaenda kufanya kazi jikoni katika nyumba ya bibi mmoja tajiri. Bibi huyo alikuwa na desturi ya kwenda kuwatazama wagonjwa na maskini katika vibanda vyao, naye alimchukua Jeanne pamoja naye. Hapo msichana akajifunza jambo ambalo wengi hawalijui, yaani kumsaidia mtu pasipo kumwaibisha.

Mwaka wa 1817 alihamia mji wa Saint-Servan, akatumika katika hospitali ya maskini muda wa miaka sita hivi, hata nguvu zikamwishia. Kisha akawa mtumishi wa bibi mmoja mcha Mungu. Wakaishi pamoja miaka kumi na miwili, Jeanne akimtunza mpaka bibi huyo alipofariki mwaka wa 1835. Baada ya hapo akapanga vyumba vidogo pamoja na mwanamke mmoja mzee, akajipatia riziki kwa kufua nguo na kusokota.

Siku hizo mji ule ulikuwa na maskini wengi. Bahari ilikuwa imewaua waume wa wanawake wengi, na wajane waliozeeka hawakuwa na njia ila kuomba chakula mlangoni pa watu. Wakati wa baridi kali wa mwaka 1839, Jeanne alipata habari za kikongwe mmoja aitwaye Anne Chauvin. Alikuwa kipofu, tena amepooza, na hapakuwa na mtu wa kumwangalia. Jeanne hakuwa na mali, wala hakuwa kijana tena, maana alikuwa na umri wa miaka 47. Lakini alimchukua kikongwe yule, akapanda naye ngazi mpaka chumbani mwake, akamlaza katika kitanda chake mwenyewe. Yeye akaenda kulala darini. Ndivyo kazi yake kubwa ilivyoanza.

Haukupita muda mrefu akampokea wa pili, kisha wengine wakaja. Wanawake wachache wakajiunga naye. Mwaka wa 1841 wakapanga nyumba kubwa zaidi, ikawatosha vikongwe kumi na wawili. Na mwaka wa 1842 wakanunua nyumba iliyokuwa ya watawa zamani. Baadaye shirika lao likaitwa Masista Wadogo wa Maskini.

Kumtunza mzee si kazi nyepesi. Asiyeweza kuinuka huoshwa, hulishwa, hubadilishiwa nguo, tena hugeuzwa kitandani mara kwa mara asipate vidonda. Mwenye kusahau husimulia habari ile ile mara kumi, na mtunzaji yapasa asikilize kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Jeanne aliyafanya hayo yote. Hakupenda wazee wakae kama mizigo iliyowekwa pembeni. Kila aliyekuwa na nguvu kidogo alipewa kazi iliyomfaa, kama kusokota uzi, apate kujiona yu mtu bado.

Je, chakula kilitoka wapi? Vikongwe wale walizoea kuomba kila siku, na kuomba kuliwaumiza moyo. Jeanne akaona afadhali aibu hiyo aichukue yeye. Akawauliza majina ya watu waliowapa sadaka, kisha akatwaa kikapu, akaenda yeye mwenyewe mlango kwa mlango. Alipokea mabaki ya chakula, nguo kuukuu, kuni na fedha. Husimuliwa kwamba mtu mmoja alikasirika akampiga; naye akamshukuru kwa pigo lile, akalihesabu kuwa fungu lake yeye, kisha akaomba tena kitu kwa ajili ya maskini wake. Mwaka wa 1845 Chuo cha Wanazuoni wa Ufaransa kilimpa tuzo ya faranga 3,000 kwa ajili ya wema wake.

Lakini heshima hiyo haikumkinga na dhuluma. Mwezi wa Desemba 1843 masista walikuwa wamemchagua tena kuwa mkuu wao. Padri aliyewasimamia, Auguste Le Pailleur, akautangua uchaguzi huo, akamweka msichana wa miaka 23 mahali pake. Jeanne akanyamaza, akaendelea na kikapu chake, akaanzisha nyumba katika miji mingine. Mwaka wa 1852 akaamriwa kuacha hata kazi ya kuomba, akae ndani. Akakaa hivyo miaka 27. Padri yule akajitwalia sifa ya kuwa mwanzilishi, na wasichana waliokuja kujifunza utawa waliishi na Jeanne pasipo kujua kwamba mzee yule ndiye aliyeanzisha shirika lao. Hivyo yeye aliyewapa wazee heshima alizeeka mwenyewe bila kujulikana.

Alifariki tarehe 29 Agosti, 1879, mwenye umri wa miaka 86. Wakati huo masista walikuwa wapata 2,400. Mwaka wa 1890 padri yule aliondolewa katika cheo chake, na pole pole kweli ikajulikana. Mwaka wa 2009 Papa Benedikto wa Kumi na Sita alimtangaza Jeanne kuwa mtakatifu.

Kazi yake imefika hata Afrika ya Mashariki. Huko Nairobi masista wake wana nyumba iitwayo Nyumba ya Wazee. Katika mkoa wetu wa Mara pia, Serikali iliweka makazi ya wazee wasio na jamaa pale Nyabange, na mwaka wa 2003 Tanzania ilitoa Sera ya Taifa ya Wazee.

Lakini sera na majengo havitoshi. Wazee wengi wa kwetu wanakaa katika nyumba zao wenyewe, na wengine ni bibi wapweke ambao watoto wao wako mbali. Mtoto wa shule hana fedha za kujenga nyumba, lakini anaweza kumtekea bibi maji, kumkatia kuni, na kuketi kumsikiliza. Jeanne naye alianza na kitanda kimoja.