Bentham na Ndoto ya Gereza Rahisi

Wahenga walinena kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Serikali nyingi hukitaka cha mvunguni, yaani magereza ya kuwafungia wahalifu, lakini kuinama hazitaki. Hayo yanadhihirika katika maisha ya Jeremy Bentham, mwanafalsafa Mwingereza ambaye wanafunzi wetu humjua kwa nadharia ya manufaa, ilhali takriban miaka ishirini ya uhai wake ilipotea akipigania gereza moja tu.

Bentham alizaliwa London mnamo mwaka wa 1748. Aliingia Chuo Kikuu cha Oxford akiwa na umri wa miaka 12. Alisomea uanasheria, lakini badala ya kutetea kesi mahakamani alichagua kuzichambua sheria zenyewe.

Enzi hizo Uingereza ilizoea kuwahamishia wafungwa wake katika makoloni ya Marekani. Vita vya uhuru vilipozuka huko mwaka wa 1775, mlango huo ulifungwa, na wafungwa wakarundikwa katika merikebu kuukuu mtoni Thames. Mwaka wa 1779 Bunge lilipitisha sheria ya kujenga magereza mawili ya kitaifa. Sheria ilibaki karatasini. Mwaka wa 1787 serikali ikaanza kuwasafirisha wafungwa hadi Australia.

Bentham alikuwa na shauri jingine. Mnamo mwaka wa 1786, akimtembelea nduguye Samuel nchini Urusi, alivutiwa na wazo la nduguye huyo la karakana ya mviringo, ambamo msimamizi aliye katikati angeweza kuwaona wafanyakazi wote. Kutokana na wazo hilo alibuni gereza aliloliita Panoptikoni, akachapisha maelezo yake mwaka wa 1791. Aliahidi kuliendesha mwenyewe kama mkandarasi. Wafungwa wangefanya kazi, faida ya jasho lao ingekuwa yake, na Hazina ingepunguziwa mzigo. Aidha, alikubali hesabu zake ziwe wazi kwa umma, na atozwe fedha endapo vifo vya wafungwa vingezidi kiwango.

Bunge liliuidhinisha mpango huo mwaka wa 1794. Hata hivyo, matajiri wenye ardhi hawakutaka gereza liwe jirani yao. Hatimaye, mwaka wa 1799, kiwanja chenye kinamasi kilinunuliwa huko Millbank, kando ya mto, kwa pauni 12,000. Kiwanja kilipatikana, fedha za ujenzi zisitolewe. Bentham alikuwa amekwisha kutumia sehemu ya urithi wake. Mwaka wa 1811 kamati ya Bunge iliukataa mpango wake, ikiona si vyema wafungwa wakabidhiwe mtu binafsi mwenye kutafuta faida. Mwaka wa 1813 alilipwa fidia ya pauni 23,000 kwa gereza ambalo halikujengwa.

Serikali ilijenga gereza lake yenyewe papo hapo Millbank, likafunguliwa mwaka wa 1816. Liligharimu takriban pauni nusu milioni, zaidi ya maradufu ya makadirio. Baada ya miaka michache, maradhi yaliwalazimu wakuu kuwahamisha wafungwa kwa muda. Lilifungwa mwaka wa 1890, na leo mahali hapo pana jumba la sanaa la Tate. Bentham mwenyewe alifariki mwaka wa 1832.

Kwa maoni yangu, kamati ile haikukosea kukataa uhuru wa mtu ugeuzwe mtaji wa mwingine. Kosa la watawala lilikuwa kuhukumu kwanza na kutafuta fedha baadaye. Nasi tuliotawaliwa na Waingereza haohao tunalijua jambo hili: huko Mombasa, Ngome ya Yesu iliyojengwa na Wareno iligeuzwa jela tangu mwaka wa 1895 hadi 1958. Ukuta ulikuwapo tayari, kwa nini wajenge?

Mwalimu anapomfundisha Bentham, basi, asiishie kwenye nadharia. Awaulize wanafunzi swali ambalo Bunge la London lililikwepa kwa miaka mingi: anayetaka mwenziwe afungwe, yuko tayari kulipia kifungo cha utu?