Mbaruk wa Gazi: Shujaa aliyezoea vita hadi kanuni zikabadilika

MICHEZO ya vita inayochezwa mezani imewavutia wengi ulimwenguni tangu mwandishi Mwingereza H.G. Wells alipochapisha kanuni zake mnamo 1913. Askari wadogo wa madini wa enzi hiyo sasa wamepata wenzao wapya: vinyago vya majitu, majoka na wachawi. Vinyago hivyo huja na vitabu vinavyosimulia nasaba za watawala, ngome zao na visasi vyao. Mchezaji mgeni huhimizwa aanze na masimulizi hayo, kwani bila hayo kinyago hubaki kipande cha plastiki tu.

Mkazi wa Kwale hana haja ya kubuniwa masimulizi ya aina hiyo. Ukoo uliopokonywa kiti, ngome iliyofichwa msituni na jamaa walioomba hifadhi, yote yamo katika maisha ya Sheikh Mbaruk bin Rashid al-Mazrui, aliyetawala Gazi, kati ya Diani na mji wa Msambweni.

Mbaruk alitoka katika ukoo ulioitawala Mombasa kwa takriban karne moja. Babake, Rashid bin Salim, ndiye aliyekuwa liwali wa mwisho wa Wamazrui mjini humo. Mnamo 1837, Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, aliuteka mji huo. Wakuu wa ukoo walikamatwa na kupelekwa Bandar Abbas katika Ghuba ya Uajemi, wasionekane tena Mombasa. Waliosalia waligawanyika, baadhi wakahamia Takaungu upande wa kaskazini, wengine Gazi upande wa kusini.

Mbaruk alipoushika uongozi wa Gazi, alipigana na masultani wa Zanzibar kwa miongo kadhaa. Mtindo wake ulikuwa uleule. Alipozidiwa nguvu, alirudi nyuma hadi Mwele, ngome yake katika milima ya bara ya Kwale. Majeshi ya Zanzibar yalipochoka na kurejea pwani, mapatano yalifanywa naye akashuka tena Gazi. Mnamo 1882, Lloyd Mathews, afisa Mwingereza aliyeliongoza jeshi la Sultan Barghash, aliiteka Mwele. Hata hivyo, Mbaruk aliponyoka, na baadaye akapatanishwa na Sultan.

Si haki kumsimulia kana kwamba hakuwa na doa. Mashamba ya Wamazrui yalilimwa na watumwa, na gharama ya vita hivyo vya wakubwa iliwaangukia wanavijiji waliokuwa njiani.

Kampuni ya Waingereza iliyokabidhiwa usimamizi wa pwani na Sultan mnamo 1888 iliona heri kumfanya Mbaruk rafiki. Urafiki huo ulijaribiwa mnamo Februari 1895, Salim bin Khamis, mkuu wa Takaungu, alipofariki. Waingereza walimtambua mwana wa marehemu kuwa mrithi, wakampita mtoto wa ndugu yake, ambaye pia aliitwa Mbaruk na aliyedai kuwa na haki zaidi kwa desturi ya ukoo. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Ugomvi wa jamaa uliwapa wageni nafasi ya kuamua ni nani atawale.

Walioasi walishindwa Takaungu, wakakimbilia kusini kwa mzee wa Gazi. Hapo Mbaruk alikabiliwa na uamuzi mgumu kuliko wote maishani mwake: awatupe watu wa damu yake ili auhifadhi utawala wake, au awapokee na kuukaribisha moto nyumbani. Alichagua damu.

Mnamo Julai 1, 1895, Uingereza ilitangaza himaya yake. Agosti 17 mwaka huohuo, kikosi kilichoongozwa na Admirali Harry Rawson kiliiteka Mwele. Mbaruk aliponyoka tena kama ilivyokuwa ada yake, akaendelea kupigana msituni. Lakini adui huyu hakuwa kama Zanzibar. Alitaka kuitawala nchi yenyewe na kujenga reli kutoka Mombasa hadi Uganda, hivyo aliagiza askari zaidi kutoka India.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mnamo Aprili 1896, Mbaruk alivuka mpaka na wafuasi wake, akajisalimisha kwa Wajerumani chini ya Gavana Hermann von Wissmann. Aliishi uhamishoni Dar es Salaam hadi alipofariki mnamo 1910. Nguvu ya Wamazrui kama watawala ilikuwa imekwisha.

Mezani, anayeshindwa hupanga vinyago vyake upya na mchezo ukaanza tena. Mbaruk aliipata nafasi hiyo mara nyingi, hata pengine akadhani haina mwisho. Kijana wa Kwale anayevutiwa na falme za kubuni ana sababu ya kuwauliza wazee habari za Gazi na Mwele. Huko hakuna majoka, ila kuna watu waliolazimika kuchagua, wakayalipia machaguo yao.