James Braidwood, mtu aliyewafundisha wazimamoto kuvunja mlango na kuingia ndani

Jioni ya siku ya posho, tarehe 22 mwezi wa sita mwaka wa 1861, ukuta wa depo iliyokuwa ikiwaka moto kando ya mto Thames, mjini London, ulimwangukia mwanaume wa miaka 60. Wakati huo hakuwa na shoka wala bomba la maji mkononi. Alikuwa akipita kati ya vijana wake waliochoka na kuwagawia pombe kali kidogo ya kuwapa nguvu. Siku mbili zilipita mbele ya mwili wake kutolewa chini ya mawe. Huyo alikuwa James Braidwood, mkuu wa wazimamoto wa London.

Alizaliwa Edinburgh, huko Scotland, mwaka wa 1800. Baba yake alikuwa fundi wa meza na makabati, na katika kazi ya familia kijana alijifunza namna nyumba inavyojengwa: mbao zinashikwa na nini, ukuta gani unabeba uzito na ukuta gani ni wa kugawanya chumba tu. Ujuzi huo ndio ulimtumikia maisha yake yote. Mwaka wa 1824 mji wa Edinburgh uliunda kikosi cha zimamoto cha manispaa, cha kwanza katika Uingereza nzima, na kumweka Braidwood kuwa kiongozi wake. Alikuwa na miaka 24.

Hakupewa muda wa kujipanga. Mwezi wa kumi na moja wa mwaka huohuo moto mkubwa ulizuka katikati ya mji wa zamani, kwenye vichochoro vya maghorofa marefu yaliyobanana, na ukawaka kwa siku kadhaa. Mamia ya familia walibaki bila makao, na mnara wa kanisa la Tron ukateketea. Kikosi kilikuwa bado kichanga, na shida kubwa haikuwa maji peke yake. Kila mwenye cheo aliyefika pale alitoa amri yake, mmoja akisema pampu ziende huku, mwingine akitaka ziende kule. Yeyote aliyewahi kuona nyumba za mbao zikiungua katika kartie yenye msongamano anaijua fujo hiyo. Baada ya msiba ule iliamuliwa kwamba penye moto mkuu wa zimamoto peke yake ndiye anayeamuru.

Sasa Braidwood alikuwa huru kufanya kazi kwa namna yake. Aliwachagua vijana kufuatana na ufundi wao. Wenye kuezeka paa walizoea kutembea juu bila kizunguzungu. Maseremala na wahunzi walijua sehemu ya kupiga shoka ili mlango, sakafu au ukuta wa mbao ufunguke haraka. Waashi waliweza kuangalia ukuta na kujua kama unakaribia kuanguka. Kila wiki aliwaamsha saa kumi ya alfajiri kwa mazoezi, maana moto mwingi unatokea usiku, na anayejifunza mchana tu hataweza kupapasa njia gizani. Walizoezwa kupanda ngazi, kushuka kwa kamba na kutandika mabomba ya ngozi. Pamoja na pampu walibeba vyombo vya kufungulia njia, kama shoka, msumeno na mtaimbo wa chuma.

Vyombo hivyo vilikuwa na maana kwa sababu ya wazo moja ambalo wakati ule lilionekana la ajabu. Watu wengi walizoea kusimama barabarani na kurusha maji madirishani, wakilenga moshi. Braidwood aliona hayo ni kupoteza maji. Kwake yeye, mzimamoto alipaswa kuingia, kutafuta mahali moto wenyewe ulipo, na kumwagia maji hapo. Lakini hakutaka mlango uvunjwe ovyo. Kabla ya maji kuwa tayari, milango na madirisha yabaki yamefungwa, kwani hewa ndiyo chakula cha moto. Aliye ndani ya moshi atambae, pua karibu na sakafu, ambako hewa inabaki safi kidogo. Wala mtu asiingie peke yake: mmoja akianguka, mwenzake amvute. Mwaka wa 1830 aliyaweka mafundisho yake katika kitabu.

London ilisikia habari zake. Makampuni 10 ya bima yaliunganisha vikosi vyao, na mwaka wa 1833 yakamkabidhi wanaume 80 ili wahudumie mji mkubwa kupita yote ya dunia wakati huo. Huko alipendelea mabaharia, waliozoea kamba, zamu za usiku na amri fupi. Mwaka uliofuata jengo la Bunge liliungua. Halikuwa na bima, kwa hiyo kikosi chake hakikulazimika kwenda. Walienda hata hivyo, na ukumbi wa zamani wa Westminster ukaokolewa. Makampuni yaliomba serikali ichukue kazi hiyo mikononi mwake. Serikali ikakataa.

Kwa miaka mingi Braidwood alionya kuhusu madepo ya kando ya mto: yalikuwa makubwa mno, yalijaa bidhaa, na moto ukishika humo hakuna pampu itakayouweza. Katika Tooley Street palikuwa na milango ya chuma kati ya depo na depo, iliyowekwa ili kuzuia moto usivuke. Siku ile ilikuwa imeachwa wazi. Pamba, katani, sukari, mafuta ya wanyama na viungo vikawaka pamoja. Mto nao ulikuwa umepungua, na pampu zilizo juu ya maboti zilihangaika kupata maji. Kazi ya kuuzima moto huo ilidumu wiki mbili.

Mazishi yake yalifanyika tarehe 29 mwezi wa sita, na mstari wa waombolezaji ulizidi kilometa mbili. Alizikwa Abney Park, kando ya mtoto wa mke wake, naye mzimamoto, aliyekufa kazini miaka sita mbele yake.

Hasara ya Tooley Street iliyatisha makampuni ya bima kiasi kwamba yalitangaza hayataki tena kubeba mzigo wa kuzima moto wa mji mzima. Safari hii serikali ilikubali. Sheria ilipitishwa mwaka wa 1865, na mwaka uliofuata London ikawa na kikosi chake cha umma, miaka zaidi ya 40 baada ya Edinburgh. Sanamu ya Braidwood ilisimamishwa Edinburgh mwaka wa 2008, karibu na vichochoro ambako alipigana na moto wake mkubwa wa kwanza.