Charles Darwin na Nyungunyungu

Asubuhi baada ya mvua, vibonge vidogo vya udongo laini huonekana juu ya ardhi. Hicho ni kinyesi cha nyungunyungu. Watu wengi hukikanyaga na kupita. Mwanasayansi mmoja wa Uingereza, Charles Darwin, alikichunguza kwa zaidi ya miaka 40.

Darwin alizaliwa tarehe 12 Februari, 1809, katika mji wa Shrewsbury. Tangu utotoni alipenda kukusanya wadudu na mawe. Mwaka 1831 alianza safari ya kuizunguka dunia kwa meli iitwayo Beagle. Alichunguza mimea na wanyama wa nchi nyingi, akarejea kwao mwaka 1836.

Mwaka 1837 mjomba wake, Josiah Wedgwood, alimwonyesha jambo la ajabu. Miaka kadhaa nyuma, chokaa na mabaki ya makaa ya mawe vilitandazwa juu ya malisho yake. Sasa vilikuwa chini ya udongo, na hakuna mtu aliyevifukia. Mjomba alifikiri kuwa nyungunyungu ndio waliofanya kazi hiyo. Darwin alilikubali wazo hilo, akalieleza mbele ya wataalamu mjini London mwaka huohuo.

Si watu wote walioliamini. Mwaka 1869 mwandishi mmoja wa mambo ya bustani alilipinga. Aliona kuwa nyungunyungu ni wadogo na dhaifu mno kwa kazi kubwa kama hiyo.

Wakati huo Darwin alikuwa akingojea ushahidi. Mwaka 1842 alikuwa ametandaza vipande vya chaki juu ya shamba lililo karibu na nyumba yake. Mwaka 1871, baada ya miaka 29, alichimba mfereji shambani humo. Aliona mstari wa vipande vyeupe kiasi cha sentimeta 18 chini ya ardhi.

Darwin aliwafuga pia nyungunyungu katika vyungu vyenye udongo, ndani ya nyumba yake. Filimbi ilipopulizwa karibu nao, hawakushtuka. Lakini vyungu vilipowekwa juu ya piano na piano ikapigwa, walirudi mashimoni mara moja. Hivyo alifahamu kuwa nyungunyungu hawasikii sauti, bali huhisi mtikisiko kwa miili yao.

Nyungunyungu hawana macho, lakini sehemu ya mbele ya mwili hutambua mwanga. Hutoka usiku, wakati jua haliwezi kukausha ngozi yao. Ngozi hiyo yenye unyevu ndiyo wanayopumulia. Hawana miguu, ila vinywele vidogo vigumu vilivyo katika pingili zao huwasaidia kushika udongo wanapotambaa.

Usiku huburuta majani makavu hadi mashimoni, wakayala pamoja na udongo. Majani hayo husagwa tumboni, kisha mabaki yake hutoka kama kinyesi. Bakteria na kuvu huendelea kuyaozesha mpaka yawe mboji, ambayo hurutubisha mimea. Mashimo yao nayo hupitisha hewa na maji ardhini.

Mwaka 1881 Darwin alitoa kitabu chake juu ya nyungunyungu. Alikadiria kuwa katika sehemu nyingi za Uingereza, nyungunyungu wa ekari moja huleta juu zaidi ya tani 10 za udongo kila mwaka. Darwin alifariki tarehe 19 Aprili, 1882.

Kazi ya nyungunyungu mmoja kwa usiku mmoja ni vigumu kuiona. Kazi ya nyungunyungu wengi kwa miaka 29 ilifukia chaki iliyotandazwa shambani.

Zoezi

1. Kwa nini Darwin alingoja miaka mingi kabla ya kuchimba mfereji?
2. Taja mambo mawili yanayomwezesha nyungunyungu kuishi ardhini.
3. Jaza chupa pana tabaka la mchanga na tabaka la udongo mweusi wenye unyevu. Weka nyungunyungu watatu na majani makavu juu yake. Funika chupa kwa kitambaa cheusi chenye kupitisha hewa. Chunguza tabaka hizo kila siku kwa wiki mbili, uandike unayoyaona. Kisha warudishe nyungunyungu bustanini.