Alfred Sloan na Gari Jipya la Kila Mwaka



Ukinunua jembe leo, utalilimia mpaka liishe. Mwakani mwenye duka hatakuambia kwamba jembe lako limepitwa na wakati. Lakini huko Marekani alikuwapo mtu aliyewafanya watu waone haya kuendesha gari zima, eti kwa sababu ni la mwaka jana. Jina lake ni Alfred Sloan.

Sloan alizaliwa mwaka 1875 katika mji wa New Haven. Alisomea ufundi wa umeme, akamaliza mwaka 1895. Kisha akafanya kazi katika kiwanda kidogo cha beringi, yaani vile vyuma vinavyosaidia gurudumu kuzunguka vizuri. Kiwanda kilikuwa karibu kufa. Baba yake na mtu mwingine walitoa fedha, Sloan akakisimamisha. Mwaka 1916 kiliuzwa kwa dola milioni 13 na nusu. Mwaka 1923 Sloan akawa mkuu wa kampuni kubwa ya magari, General Motors.

Siku hizo mfalme wa magari alikuwa Henry Ford. Gari lake liliitwa Model T. Alianza kuliuza mwaka 1908 kwa dola 850. Bei ikashuka mwaka hata mwaka, hadi chini ya dola 300. Kuanzia 1914 hadi 1925 lilikuwa la rangi moja tu, nyeusi. Umbo lake halikubadilika sana.

Sloan alijua kwamba kwa bei hamwezi Ford. Akatafuta njia nyingine. Kila mwaka alitoa gari lenye sura mpya. Injini mara nyingi ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni bodi, taa na rangi. Mwaka 1927 alimwajiri Harley Earl, fundi wa maumbo, kusimamia kazi hiyo. Asiye na fedha zote alilipa kidogo kidogo kwa mkopo, na gari lake la zamani lilipokewa kama sehemu ya malipo. Mwaka huo huo wa 1927, Ford aliacha kutengeneza Model T.

Sasa fikiri, ndugu msomaji, siku yenyewe ilivyokuwa. Ni kati ya Septemba na Novemba. Magari mapya yamefika yamefunikwa turubai. Mwenye duka ameziba madirisha kwa karatasi. Watoto wanachungulia penye upenyo. Siku ikifika, karatasi zinabanduliwa, taa zinawashwa, na watu wanamiminika kutazama. Wengine hawana hata senti ya kununulia. Aliyefika na gari la mwaka jana anarudi nalo nyumbani, na tayari analiona limechakaa! Hapo ndipo penye werevu wa Sloan, na kwa maoni yangu ndipo penye ubaya wake pia.

Kwa wauza magari mambo hayakuwa rahisi. Gari lisilouzwa kabla ya jipya kutoka lilishuka bei. Mwaka 1924 Sloan alisafiri kuwatembelea. Katika miji kadhaa alikuta magari yamerundikana uwanjani, akaamuru viwanda vipunguze kazi mara moja. Baadaye wauzaji walitakiwa kuleta hesabu kila baada ya siku 10. Yeye mwenyewe aliendelea kuwatembelea kwa behewa la treni alilolifanya ofisi, akiwaona watano mpaka kumi kwa siku. Alikuwa mgumu wa kusikia, lakini alikwenda kuwasikiliza.

Wafanyakazi wa viwandani walisikilizwa kidogo mno. Kila sura mpya ilipoandaliwa, viwanda vilifungwa kwa majuma kadhaa ili mitambo ibadilishwe, na wengi walikaa nyumbani bila mshahara. Hilo lilikuwa moja ya manung'uniko yao. Tarehe 30 Desemba 1936 wafanyakazi wa mji wa Flint waligoma. Hawakutoka nje, bali walikaa humo humo kiwandani kwa siku 44. Sloan hakupenda chama cha wafanyakazi hata kidogo. Mwishowe, Februari 1937, kampuni ilikubali kukitambua.

Sloan aliacha uenyekiti wa kampuni mwaka 1956. Alifariki Februari 1966 akiwa na umri wa miaka 90. Hakuacha mtoto. Mali yake nyingi aliitoa kwa elimu na kwa utafiti wa ugonjwa wa saratani.

Zile sherehe za madukani zilififia baada yake. Makampuni yalianza kutoa magari mapya mwezi wowote, na madirisha hayakuzibwa tena.