Sheikh Amri Abeid: Mtu wa Dua na Jitihada



Ukifika mjini Arusha hutakaa siku nyingi bila kulisikia jina la Sheikh Amri Abeid. Uwanja mkubwa wa michezo ulio katikati ya mji huo, chini ya Mlima Meru, umepewa jina lake kwa ukumbusho. Maelfu ya watu huingia humo kutazama mpira, na huenda vijana wengi miongoni mwao hawajui kwamba jina hilo ni la sheikh, mshairi na waziri. Inafaa tumjue, maana maisha yake yanajibu swali linalowasumbua wengi wanaoitafuta dini kwa moyo wa kweli: ikiwa mambo yote yamo mikononi mwa Mwenyezi Mungu, mipango yangu ni ya nini? Na nikipanga na kuhangaika, je, si nimepunguza tawakali yangu?

Sheikh Kaluta Amri Abeid alizaliwa mwaka 1924 huko Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, akasoma katika shule ya serikali ya Tabora. Angali kijana aliingia katika Jumuiya ya Waislamu wa Ahmadiyya, akawa mwanafunzi na msaidizi wa Sheikh Mubarak Ahmad, mbashiri aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1934.

Wakati huo Waislamu wa Afrika Mashariki walikuwa na haja kubwa. Tafsiri kamili ya Kurani Tukufu kwa Kiswahili iliyokuwapo ni ile ya mwaka 1923, kazi ya padri wa Kikristo, Godfrey Dale. Mtu mvivu angeweza kuinua mikono, akamwomba Mungu alete tafsiri ya Waislamu wenyewe, kisha akaenda kulala. Sheikh Mubarak Ahmad na wasaidizi wake, Sheikh Amri akiwa miongoni mwao, waliomba na wakashika kalamu. Kazi ya namna hiyo yataka kupima kila neno la Kiarabu na la Kiswahili, kuandika, kufuta na kuandika tena, miaka kwa miaka. Mwaka 1953 tafsiri hiyo ikatolewa mjini Nairobi, pamoja na matini ya Kiarabu na maelezo.

Mwaka uliofuata, 1954, kilitoka kitabu chake mwenyewe, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Zingatia jina hilo, ndugu msomaji. Ushairi ni kipaji, na kipaji hutoka kwa Mungu. Lakini Sheikh Amri hakuona kwamba kipaji kinatosha. Aliwafundisha washairi vina na mizani, na akawawekea maana za maneno magumu. Shairi la kawaida lina mizani 16 katika kila mstari, 8 na 8, na mtunzi hana budi kuzihesabu. Kipaji hupewa mtu bure, lakini mizani huhesabu mwenyewe.

Katikati ya miaka ya 1950, akiwa na umri wa takriban miaka 30 na jina lake limekwisha julikana, alisafiri hadi Rabwah nchini Pakistan, akakaa tena darasani kujifunza dini. Hakudhani kwamba Mungu atammiminia elimu bila ya yeye kuifuata. Aliporudi akaendelea kuhubiri, kisha taifa likamwita. Mwaka 1960 akawa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam. Baada ya uhuru akawa Waziri wa Sheria mwaka 1963, na mwaka 1964 akakabidhiwa wizara ya Maendeleo na Utamaduni wa Taifa.

Njia hii si uzushi wa Sheikh Amri. Mtume Mtukufu Muhammad (s.a.w.) alimfundisha mwarabu wa jangwani kwamba amfunge kwanza ngamia wake, kisha ndipo amtegemee Mungu. Na alipohama Makka aliajiri mwongoza njia, akajificha siku 3 katika pango la Thaur, akapelekewa chakula kwa siri. Wala hapana aliyekuwa na tawakali kuliko yeye. Kurani Tukufu nayo inapanga mambo kwa taratibu: kwanza kushauriana, kisha kuazimia, kisha kumtegemea Mungu.

Watazame pia wakulima wa Meru. Mlima huo, wenye kimo cha zaidi ya mita 4,500, huvuta mawingu na kuleta mvua, na hakuna binadamu anayeiamuru. Lakini tangu zamani wenyeji wamechimba mifereji kutoka kwenye vijito, wakayaongoza maji mpaka kwenye migomba na mibuni. Maji ni ya Mungu, mfereji ni wa mkulima. Asiyechimba asilalamike kwamba Mungu amemnyima; na aliyechimba asijivune kwamba ameumba maji.

Sasa tufike mahali pagumu. Oktoba 1964, akiwa na miaka 40 tu, Sheikh Amri alifariki dunia huko Ujerumani. Bila shaka kazi nyingi zilikuwa bado mikononi mwake. Je, mipango yake ilikuwa bure, au dua hazikusikilizwa? La, hasha. Hapa ndipo tawakali inapojulikana. Mipango si mkataba wa kumlazimisha Mungu; ni utii wetu. Matokeo na muda wa uhai ni vyake. Mja hataulizwa kwa nini hakumaliza kila kazi, ataulizwa kama alitumia alichopewa. Na alichokifanya Sheikh Amri hakikufa naye: tafsiri aliyoisaidia na kanuni alizoziandika zimeendelea kuwafaa watu kwa miongo mingi.

Basi, ewe ndugu msomaji, ukiwa na mgonjwa, omba na umpeleke hospitali. Ukiwa na mtihani, sujudu na ufungue kitabu. Ukiwa na shamba, omba mvua na uzibue mfereji. Na ukisha kufanya yote hayo, ikiwa jambo litakwenda kinyume cha ulivyotaka, usikate tamaa, kwani uliyemtegemea yuko hai, hafi.

Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Amri Abeid, na atujalie ndimi zenye dua na mikono yenye kazi. Amin.